Aliyevaa Viatu Ndani ya Nyumba

Mafundi wa korido ile walimwita Mama Sindano, na wateja wakalidaka jina hilo hivyo hivyo. Hakuwa na mashine. Alikuwa na meza fupi karibu na dirisha, taa ya kuinamisha shingo, kioo cha kukuzia, na sindano nyembamba kiasi kwamba ikidondoka sakafuni huioni mpaka ikuchome. Kazi yake ilikuwa kuziba nguo zilizochanika. Suti iliyonasa kwenye msumari, koti lililoliwa na nondo, gauni la harusi lililokanyagwa na bwana harusi mwenyewe: vyote vililetwa kwake vikiwa vimekunjwa ndani kabisa ya mfuko, wenyewe wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu wanaoleta habari mbaya.

Alikuwa na namna yake. Uzi hakununua. Aliigeuza nguo ndani nje, akafungua pindo mahali ambapo hakuna jicho linalofika, akachomoa nyuzi za nguo ileile, mmoja mmoja, kisha akazifuma kwenye tundu, juu, chini, juu, chini, akifuata kitambaa kilivyofumwa kiwandani. Akimaliza humpa mteja nguo yake na kumwambia, "Nionyeshe ilipochanika." Mteja anageuza, anaipeleka kwenye mwanga, anasugua kwa kidole. Haoni. Hapo Mama Sindano hutabasamu mara moja tu, kisha hutazama pembeni.

"Huyu mama siku akifa," fundi wa mashine aliyekaa meza ya pili alipenda kuwaambia wateja, "tutatafuta kaburi lake tusilione. Atakuwa ameshaliziba."

"Wewe shona suruali za watu. Ya jana mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mtoto wa watu ataanza kuchechemea bila ugonjwa."

Walitaniana hivyo mwaka hadi mwaka, lakini nyumbani kwake fundi huyo hakuwahi kufika. Hakuna aliyefika. Aliishi ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule, yeye na binti yake wa mwisho. Mume alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na watoto wakubwa walikuwa na familia zao, wako mbali, wanapiga simu Jumapili. Huyu wa mwisho alizaliwa wakati mama ameshagawa nguo zote za kitoto, kwa hiyo wakamwita Kitinda, yaani kitindamimba, na jina likamkaa hata alipokuwa mtu mzima mrefu kumpita mama yake.

Kitinda akiwa sawa, ilikuwa raha kukaa naye. Aliweza kumwiga mtu yeyote: mwangalizi wa jengo anavyopanda ngazi huku akinusa milango ya wapangaji, kaka yake anavyoaga kwenye simu bila kukata. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha jambo dogo linatokea. Rafiki hakujibu ujumbe. Mtu kasema atapiga na hakupiga. Uso wa Kitinda unabadilika kama chumba ambacho mtu amepita akazima taa, na yule aliyekuwa anacheka hayupo tena. Anayekuja badala yake anatupa vitu, anasema maneno ambayo hayasahauliki, kisha anajifungia. Baadaye, nyuma ya mlango, anasikika akiomba msamaha kwa sauti ya kitoto, na haijulikani anamwomba nani.

Na mama alikuwa anaziba.

Kikombe kikivunjwa, kesho yake kuna kingine cha rangi ileile. Pazia likichanwa, kabla binti hajaamka limeshafumwa na kutundikwa. Kioo cha bafuni kilibadilishwa mara kadhaa, lakini fremu ikabaki ileile, kwa sababu fremu aliihifadhi. Kitinda alikuwa na rafiki mmoja, msusi wa saluni ya jirani, aliyependwa kama malaika wiki hii na kulaaniwa kama mchawi wiki inayofuata. Huyo alipokea ujumbe kutoka simu ya mama: "Mwenzako anakusalimu, alikuwa amechoka tu." Blauzi za Kitinda zote zilikuwa za mikono mirefu, hata jua liwe la kupasua mawe. Mama alizifua mwenyewe kwa maji baridi, akaona alichokiona upande wa ndani wa mikono ile, akazianika, asiulize.

Asubuhi ikifika nyumba imetulia, chai imefunikwa mezani. Kitinda akitoka chumbani alisimama kwanza mlangoni, akaitazama sebule kama mgeni aliyeelekezwa vibaya, kisha akaketi.

"Umelala vizuri?"

"Nimelala."

Ikawa imeisha.

Sababu ya haya yote ilikuwa imezikwa miaka mingi. Mama Sindano alikuwa na mdogo wake wa kike, ambaye Kitinda angemwita mama mdogo kama wangekutana duniani. Huyo naye alikuwa hivyo: ucheshi wa kuvunja mbavu, halafu moto. Ila kwao hakuna aliyeziba. Alichovunja kiliachwa uani kama ushahidi, alichosema kilirudiwa barazani wageni wakachekeshwa nacho. Wakamwita Kiberiti. Mtu akitaka kujifurahisha humwambia, "Kiberiti, mchumba wako mbona leo hajaonekana?" halafu wanakaa kusubiri awake. Na alikuwa anawaka. Baba yao akasema huyu si mgonjwa, hii ni tabia, na dawa ya tabia ni mlango. Akaonyeshwa mlango.

Jambo moja halikumtoka dada mtu. Kabla ya kuwaka, mdogo wake alikuwa anavaa viatu. Anakaa ukingoni mwa kitanda, ndani ya nyumba, kamba zimefungwa vizuri, mkoba mapajani, macho kwenye mlango. Ukimwuliza anakwenda wapi, anasema, "Sijui. Nataka niwe tayari nyie mkiniacha." Na hivyo ndivyo walivyomkuta, katika chumba cha kupanga kwenye mji wa watu, amelala chali kitandani, ameshakufa, viatu miguuni. Wenye nyumba walisema labda alikuwa anatoka. Dada yake alijua kwamba alikuwa anasubiri.

Siku ya mazishi aliapa kimoyomoyo. Kama Mungu atampa mtoto wa namna hiyo, hakuna jicho litakaloona alipochanika.

Kisha mchana mmoja, Kitinda akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, mama alirudi kazini akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, mkoba mapajani. Hakuna aliyewahi kumsimulia habari za mama yake mdogo. Hata picha yake haikuwapo mle ndani. Mama alisimama mlangoni, akahisi kwamba katika vyumba vile viwili wanaishi watu watatu.

Chuo Kitinda alikiacha mwaka wa pili. Alikuwa ameanza na uhasibu, akahamia mapishi, akanyoa nywele, akazifuga, akazipaka rangi, akabadilisha mpaka mwandiko, kama mtu anayejaribu nguo dukani na hakuna inayomkaa. Halafu akalala. Hakutaka kula wala kuoga. Mchana na usiku kwake vikawa kitu kimoja. Mama akampeleka hospitali, na daktari wa kwanza akasema ni sonona. Hakukosea. Vidonge vilimrudishia usingizi wa kawaida na hamu kidogo ya chakula. Lakini huzuni ilipungua ikarudi, ikapungua ikarudi, dawa zikabadilishwa, zikaongezwa, na kuna kitu kingine chini yake ambacho daktari hakukiona, kwa sababu kila alipouliza alijibiwa na mama.

"Ana hasira za ghafla?"

"Hapana, daktari. Mpole huyu. Ni huzuni tu."

"Na marafiki?"

"Anao. Wanampenda."

Kitinda alitazama kucha zake. Mama alikuwa anachomoa nyuzi kutoka siku nzuri na kuzifuma juu ya siku mbaya, na daktari akayageuza maelezo huku na huku kwenye mwanga asione kitu.

Msusi akapata kazi mji wa mbali. Alikuja kumwambia Kitinda kwa furaha, na Kitinda akamkumbatia, akamtania kwamba huko atasuka mpaka mbuzi. Kesho yake mama aliporudi kutoka kazini nyumba ilikuwa kimya. Kitinda alikuwa kitandani, amelala chali, viatu miguuni. Chupa ya vidonge ilikuwa tupu. Aliitwa hakuitika, akatikiswa hakuitika, na Mama Sindano aliteremka zile ngazi na mwanaye mgongoni, mtu mrefu kumpita, hata leo hajui alipata wapi nguvu.

Kitinda alipona. Wodini muuguzi aliuliza ilikuwaje, na mama akasikia mdomo wake wenyewe ukijibu kwa utulivu kabisa: "Alikosea dozi. Msahaulifu sana huyu." Muuguzi akamtazama, akataka kusema neno, akaitwa kitanda kingine. Kitinda alipofumbua macho akauliza, "Nini kimetokea?"

"Ulizidisha dawa kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya," Kitinda alirudia taratibu, kama anajaribu kutamka jina la mtu wa ugenini.

Tangu hapo Mama Sindano akaanza kusikia viatu. Akiwa kazini, ameinama kwenye taa, alisikia kamba zikikazwa nyuma yake. Akigeuka ni mteja, au hakuna mtu. Akawa anapiga simu nyumbani kila mara, Kitinda akipokea anajifanya alitaka kuuliza kama kuna sukari. Mikono ikaanza kumsaliti. Mteja mmoja alikabidhiwa koti lake, akaligeuza kwenye mwanga, akaweka kidole.

"Ni hapa," akasema. "Si ndiyo?"

Ilikuwa hapo. Fundi wa mashine alisubiri mteja aondoke, akazima mashine yake.

"Leo sikutanii. Nyumbani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Sawa. Basi huyo hakuna-kitu anakumaliza, mama yangu. Umekonda mpaka pete inakuvuka."

Mama Sindano alilivuta lile koti mezani. Alifumua kazi yake yote na kuanza upya.

Baada ya kutoka wodini Kitinda alipangiwa daktari mwingine, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na tabia ya kunyamaza baada ya kuuliza, akakuachia kimya mpaka ukione kizito. Kitinda alimpenda tangu mara ya kwanza. Walipokwenda kumwona tena, njia nzima alikuwa anamsifu: huyu ndiye daktari, wale wengine walikuwa wanatazama saa, huyu hata akinyamaza ananisikia. Mama aliitikia, roho mkononi. Aliijua sifa ya namna ile na alijua inakoelekea.

Waliketi. Daktari alisema kabla hawajaanza kuna jambo: mwezi ujao anakwenda likizo, na mwenzake wa chumba cha pili ndiye atakayemwona Kitinda mpaka atakaporudi.

Taa ikazimika usoni mwa Kitinda.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba na wewe huna lolote. Unajifanya kusikiliza. Mnalipwa mshahara kwa kutusikiliza, basi. Nenda. Nenda zako, usirudi." Alisimama kwa nguvu kiti kikaenda chini, akaufikia mlango kwa hatua kubwa, akashika kitasa, akabaki hapo amewapa kisogo, mabega yanapanda na kushuka.

Mama alikuwa ameshainama kuinua kiti. "Hajala tangu asubuhi, daktari. Ni njaa tu. Akila atakaa sawa."

"Kiache kiti, mama," daktari alisema.

Alisema kwa upole, lakini mkono wa Mama Sindano uliganda hewani kama umeshikwa.

"Kitinda," daktari akaendelea, akizungumza na kile kisogo, "umekasirika. Na mimi ninaondoka kweli. Vyote viwili ni kweli. Na nitarudi, nitakaa kwenye kiti hiki hiki, nawe utakuja hata kama bado umekasirika."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu, likalia korido nzima mpaka likapotea. Kitinda aliteleza taratibu akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, akaanza kulia. "Usiende," akasema. "Samahani. Usiende." Kiti kilikuwa bado kimelala katikati ya chumba, miguu juu, na hakuna aliyekigusa.

"Hivi ulivyopanda na ulivyoshuka sasa hivi," daktari aliuliza, "nyumbani hutokea?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nakumbuka kama hutokea. Halafu nikiamka kila kitu kiko sawa. Kioo kipo. Pazia lipo. Mama ananiuliza nimelala vizuri." Alipangusa pua kwa mkono wa blauzi. "Kwa hiyo sijui. Labda naota."

"Unaruhusu mama aniambie anachokijua? Ukiwa hapa hapa, unasikia."

"Mama hana cha kukwambia. Hakuna kilichotokea."

Daktari akamgeukia mama, akanyamaza kimya chake kile.

Mama Sindano alikitazama kiti. Aliona uani kwao, vigae vya vyungu na sahani vikiwa vimeachwa juani ili wageni wavione. Alisikia kicheko cha barazani. Akisema, atakuwa amemtoa mwanaye nje, amemweka kwenye mwanga, na atakayetaka atamcheka na atakayetaka atamwonyesha mlango. Asiposema, anajua atakachokikuta kitandani siku moja, na safari hiyo hakuna wa kumbeba kuteremka ngazi. Alijaribu kupata neno la kuanzia, akapata dogo kuliko yote.

"Kioo cha bafuni," akasema, "nimekibadilisha mara nyingi. Fremu ndiyo ileile."

Halafu ikawa kama kushika ncha ya uzi mahali pake. Ukishaipata, pindo lote linafunguka. Akasema pazia. Akasema vikombe. Akasema ujumbe kwa msusi ambao Kitinda hakuwahi kuutuma. Akasema maji baridi na mikono ya blauzi. Akasema viatu.

"Na dozi hakukosea," akamaliza. "Niliwadanganya kule wodini. Alikuwa amekusudia. Nilijua tangu nilipofungua mlango, kwa sababu alikuwa amevaa viatu."

Hakuthubutu kumtazama binti yake. Alisubiri moto. Badala yake alisikia sauti ndogo kutoka sakafuni.

"Kumbe ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona, mwanangu. Kila siku."

"Mimi nilidhani sipo." Kitinda alizungumza kama anayemsimulia mtu wa tatu. "Nilikuwa navunja kitu ili nione kama kitavunjika. Asubuhi kiko kizima. Nasema leo nimemwumiza mama, asubuhi mama anamimina chai. Nikasema basi nimeshakufa zamani, hawa wanaona aibu kuniambia."

Mama Sindano alishika mdomo wake kwa viganja vyote viwili. Miaka yote hiyo alikuwa anaogopa kivuli cha mtu mmoja ndani ya nyumba, na mikono yake ilikuwa inatengeneza cha pili.

Daktari hakutoa jina la ugonjwa siku hiyo. Alisema hapendi kumbandika mtu jina kwa mkutano mmoja au miwili, na kuna magonjwa yanayofanana mpaka uyalinganishe. Kitinda alionwa na yule wa chumba cha pili, akamchukia, akamwendea hata hivyo. Daktari mwenyewe aliporudi likizo aliuliza tena, mambo ya utotoni na ya juzi, mara Kitinda peke yake, mara pamoja na mama, na sasa mama akiulizwa alijibu alichokiona, basi. Aliuliza kama kuna wakati Kitinda hukaa siku nyingi bila kulala akiwa na furaha iliyopita kiasi. Hakuna. Aliuliza akiwa peke yake chumbani anajiona mtu gani. "Chumba," Kitinda alijibu. "Najiona kama chumba kilichohamwa."

Ndipo siku moja akawaambia. Sonona ipo, alisema, na wataendelea kuitibu. Lakini sonona ikimkalia mtu humkalia wiki nzima, mwezi mzima, haijali nani kapiga simu. Hii nyingine hupanda na kushuka ndani ya saa moja, na ukichunguza utakuta mtu ameondoka, au ameonekana kama anaondoka. Wataalamu huiita tatizo la haiba, lile la mpakani. "Ni jina gumu," akasema, "na wengi hulisikia kama tusi. Mlisikie kama jina tu."

"Haiba si ndiyo mtu mwenyewe?" Mama Sindano aliuliza. "Unaniambia mwanangu ndivyo alivyo, basi? Tabia?"

"Nakwambia hisia zinamfikia haraka, zikifika ni kubwa, na zinachelewa kuondoka. Hajajua namna ya kukaa nazo, na hilo linafundishika. Ni kazi ya muda mrefu, ya kukutana na kuzungumza na kufanya mazoezi, kuliko ya vidonge. Wapo waliofika hapa hivi hivi, leo wana kazi na familia zao, na wameshanisahau. Ndicho ninachokitaka."

Kitinda aliinua macho kutoka kwenye kucha zake.

"Kwa hiyo ni kitu," akasema. "Kina jina."

"Kina jina."

"Mimi nilidhani ni mimi." Akafikiri kidogo, na pembe ya mdomo wake ikapanda. "Mama, Jumapili kaka akipiga mwambie niko mpakani. Akija aje na pasipoti."

Daktari alicheka. Mama alitaka kucheka, akalia.

Kitinda alitangulia nje, na mama akabaki nyuma akishika mkoba wake. "Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Alikuwa hivi hivi. Tulimfukuza. Angepona?"

Daktari alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Siwezi kumpima mtu ambaye hayupo, mama. Ningependa kukujibu. Siwezi."

Mama alitikisa kichwa. Alijua tangu alipouliza. Akapewa mambo ya kushika: dawa zikae kwake, chache chache, namba ya kupiga ikiwa hali ni mbaya, Kitinda asikose kwenye kundi la wenzake wanaofundishwa kukaa na hisia zao. Na la mwisho lilikuwa lake yeye. Asikemee, asizibe. Aseme anachokiona.

Haikuwa rahisi. Alikuwa ameishi na mikono ile maisha yake yote na haikutaka kutulia. Zipo siku Kitinda alirudi kutoka kwenye kundi akiwa na wepesi fulani, akiwaiga wenzake wote mpaka mwalimu, na zipo siku aliapa kwamba harudi tena kwa wale wanafiki, na kesho yake akarudi.

Msusi alikuja kutembea. Alikaa nao siku ya Ijumaa, wakasukana, wakacheka, na Jumamosi asubuhi akaondoka. Mchana Mama Sindano alikuwa sebuleni na nguo ya mteja mapajani aliposikia kitu kikivunjika jikoni, kisha hatua, kisha mlango wa chumba. Alikwenda jikoni. Kikombe kilikuwa sakafuni, vipande vinne vitano, chai ikitambaa kuelekea chini ya jiko. Mkono wake ulikwenda kwenye ufagio wenyewe. Aliutazama ule mkono. Akaurudisha.

Mlango wa chumba haukuwa umefungwa. Kitinda alikuwa ukingoni mwa kitanda, ameketi wima, viatu miguuni, mkoba mapajani, na mwanga wa dirisha ulimwangukia upande ule ambao kidevu chake si chake, ni cha mama mdogo. Mama alisimama pale alipowahi kusimama mara nyingi.

"Nakuona umevaa viatu," akasema.

Kitinda alikaza mikono kwenye mkoba.

"Na kikombe nimekiona. Umekivunja."

"Si ufagie."

"Sijafagia. Kiko pale pale."

Kitinda aligeuza kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake mbali. Mama akaenda chumbani kwake, akatoa chini ya kitanda viatu vyake vya kutokea, akavivaa, akafunga kamba, akachukua mkoba. Alirudi akaketi kando ya binti yake, naye akaweka mkoba mapajani. Wakatazama mlango, wote wawili.

"Unakwenda wapi?" Kitinda aliuliza.

"Sijui. Na wewe?"

"Sijui."

"Basi tukae mpaka ujue."

Mtaani chini mtu alikuwa anagonga bati, anagonga, anaacha. Mama alihisi yule wa tatu naye amekaa, upande wa pili wa Kitinda, kamba zimekazwa vizuri, anasubiri kama alivyosubiri siku zote. Kwa mara ya kwanza hakutamani aondoke.

"Ulikuwa na mama mdogo," akasema. "Sijawahi kukwambia. Alikuwa anakaa hivi."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Na mkoba."

Kitinda alifikiri. "Nani alikuwa anakaa naye?"

"Hakuna."

Jikoni chai ilikuwa inakauka kando ya vipande vya kikombe, mahali ambapo mtu yeyote angeingia angeviona. Baada ya muda Kitinda aliinama, akafungua kamba za kiatu kimoja, akakivua, akakisimamisha sakafuni. Cha pili alikiacha mguuni.